Mtoro Aliyeaga Kila Mtu

Vijana wangu mliobaki kwenye dawati la maktaba, amani iwe juu yenu, na migongo yenu iwe na afya, maana watu hudhani kazi hii ni ya macho, kumbe ni ya mgongo. Mliniomba niandike machache kabla sijayasahau. Leo nimeshaswali alfajiri, mke wangu ametoka kutembea, chai iko mezani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna treni ninayoiwahi. Namshukuru Mola kwa yote hayo, na kwa treni pia.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilipita karibu yangu mara kadhaa, vikanisalimu kwa heshima, vikaendelea na safari zao.

Nilitoka Tanga, ambako asubuhi nilifundisha Kiswahili sekondari na jioni nilisomesha Kurani chuoni. Sydney nilimfuata mke wangu aliyepata nafasi ya kusoma chuo kikuu, mtaa wa Kensington. Huko tulipanga chumba kimoja na nusu, na ile nusu ilikuwa kabati. Alipomaliza masomo tukahamia Campbelltown, ambako mtu anaweza kunyoosha miguu bila kumpiga teke jirani, kisha riziki yangu ikatokea upande wa Guildford, kwenye maktaba ndogo isiyo mbali na stesheni. Ndiyo maana maisha yangu ya kazi mengi yamekwenda ndani ya treni. Unapanda Campbelltown, unashuka Glenfield, unabadilisha, unaendelea. Nimesoma juzuu nyingi kwenye njia ile, na nimelala juzuu nyingi vilevile. Mungu ni mwenye kusamehe.

Siku yangu ya kwanza nilivaa tai. Aliyenipokea ni mama mmoja wa Kiaustralia, Maureen, mfupi, mwenye nywele nyeupe na viatu vya mpira, aliyekuwa mkuu wa rafu zote. Hakunipa kitabu wala kiti. Alinipa kisu cha siagi.

"Hiki usikipoteze," alisema. "Na hiyo tai ivue, itanasa."

Kisu kile kisicho na makali ndicho kinachobandua lebo za zamani bila kuchana jalada. Nimeona vifaa vingi vya bei vikija na kuondoka, lakini kisu cha siagi kimebaki. Kiko kwenye droo ya kushoto, mwenzenu Zuhura anajua. Tafadhali msikipake siagi.

Kifaa cha pili ni toroli la vitabu. Gurudumu lake moja lilikuwa linavuta kushoto, kwa hiyo ukilisukuma bila kufikiri unajikuta kwenye vitabu vya maandishi makubwa, katikati ya wazee, ukiomba radhi. Nilimwambia Maureen tulitengeneze. Alinitazama kama niliyependekeza kubadilisha kibla. "Ukilinyoosha," alisema, "wale wazee wataongea na nani?"

Kwake nilijifunza pia kwamba msomaji haulizwi kama amekipenda kitabu. Anaulizwa amefika wapi. Ukimuuliza kama amekipenda, atakudanganya kwa adabu. Ukimuuliza amefika wapi, atakaa chini. Nilijifunza na namna ya kufungua kitabu kilichorudishwa: taratibu, ukikielekeza mbali na uso. Watu huweka alama ya ukurasa kwa chochote kilicho karibu. Nimekuta soksi ya mtoto, nimekuta nusu ya miwani, na siku moja nimekuta kipande cha nyama ya nguruwe kilichokaangwa vizuri, kimelala kati ya kurasa kama mwenyeji. Nilisimama pale mikono juu hadi Maureen akaja na koleo la jikoni. Hakucheka mbele yangu. Alikwenda kuchekea kwenye chumba cha mashine ya fotokopi, na kuta za chumba kile ni nyembamba.

Sasa, rafu aliyoipenda Maureen kuliko zote ilikuwa ya karibu na dirisha, penye zile riwaya za zamani za Kimarekani za wavulana na vituko vyao. Mnazijua. Mvulana hana viatu, shangazi ana sabuni, na nje kuna mto mkubwa. Sura ya pili mvulana ameshatoroka. Anavuta kiko, anasema uongo, anaiba matikitimaji, analala mchana. Maureen alinipa moja niende nayo nyumbani, nami nikaisoma kama mwalimu wa chuo anavyosoma: nikiutafuta ukurasa wa adhabu. Nilifika jalada la nyuma sijauona. Mwandishi alikuwa upande wa mtoto! Nilirudi kwa Maureen na malalamiko.

"Umefika wapi?" aliniuliza.

"Mwisho."

"Basi anza tena," alisema, akaenda zake.

Nilianza tena, na safari ile nilicheka peke yangu kwenye treni hadi bwana wa jirani akahama kiti. Tangu hapo nimewapa watu vitabu vile kwa moyo mweupe, ingawa vingine vina maneno ya kale ya kuwatusi watu weusi, na hayo nilikuwa nayasema waziwazi kabla mtu hajafungua. Ninyi pia semeni. Msomaji aliyeonywa husoma akiwa amekaa vizuri.

Miaka ikapita, Maureen akastaafu, Wakongo wakaongezeka Guildford, nami nikaambiwa nianzishe kikao cha kusoma kwa Kiswahili kila Jumatano asubuhi. Walikuja wazee wa Kikristo kutoka mashariki ya Kongo, waliopita makambini kabla ya kuletwa huku. Mimi Mwislamu wa Tanga, wao watu wa kanisa, na kikao hakiwezi kufunguliwa bila dua. Tukakubaliana: wao waombe, mimi niseme amina, kisha mimi niombe, wao waseme amina. Kikao cha kwanza muda uliisha tukiwa tunasema amina. Baadaye tulizoea, na kila upande ukajifunza kufupisha, jambo ambalo sijaliona likifanyika kwingine.

Walitaka kitabu cha kuwachekesha. Nilichagua hadithi moja ya rafu ya Maureen, ya kijana anayemkimbia shangazi yake kwa kuteremka mto ndani ya hori la kulishia ng'ombe. Mimi nilikuwa nikisoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti. Nilitegemea wacheke. Badala yake waliweka kesi.

"Ngoja, Mwalimu," alisema Mama Furaha, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyeketi mbele daima na mfuko wa maandazi mapajani. "Huyu mutoto aliaga?"

"Hakuaga, Mama Furaha. Anatoroka."

"Hakuaga shangazi? Hata jirani?"

"Hata jirani."

Alitikisa kichwa, akawageukia wenzake. "Hilo hori litavuja."

Nikafungua ukurasa. Hori lilikuwa linavuja. Kikao kizima kilisema "Eeeh!" kwa pamoja, na tangu siku ile Mama Furaha akawa na mamlaka juu ya kitabu kuliko mimi. Kila baya lililompata kijana, sababu ilikuwa moja. Alinyeshewa: hakuaga. Aliumwa na nyuki: hakuaga, na tena ni asali ya watu. Shangazi walimpenda sana. Mama Furaha aliuliza kama kuna njia ya kumfikishia pole.

Mmoja tu alikuwa upande wa kijana, naye ni Mzee Bahati. Alikuwa fundi seremala huko Uvira, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. "Sisi tulikimbia risasi," alisema siku moja, wenzake walipokuwa wakimhukumu kijana. "Huyu anakimbia sabuni. Muacheni akimbie! Kukimbia hivi ni kuzuri. Mimi sijawahi kuonja."

Hata Mama Furaha alifungua mfuko, akampa andazi.

Hapa nafika kwenye kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini. Mzee Bahati aliishi na binti yake, Neema, anayefanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba zao za kulelea. Mtoto mwema, mchapakazi, na mwenye kujua kila namna ambayo mzee anaweza kuanguka. Siku moja baba yake alisinzia ndani ya treni, akafika mwisho wa reli, Leppington, akarudishwa na mfanyakazi wa stesheni akiwa amenunuliwa juisi. Tangu hapo Neema alimkataza treni. Alikuwa akimleta kwa gari hadi mlangoni kwetu na kumngoja nje, kama mtoto wa chekechea. Mzee hakulalamika. Ila alikuwa na rafiki wa tangu kambini, Mzee Enoki, aliyepewa nyumba Campbelltown, na walikuwa hawajaonana kwa sababu Neema hakuwahi kupata siku ya kumpeleka.

Halafu shifti zikabadilika. Neema aliingia na sare yake ya kazi, akaniambia kwa unyenyekevu, "Mwalimu, Jumatano sitaweza tena. Baba atakuwa anapumzika nyumbani."

"Kutoka kwenu hadi hapa ni kutembea kidogo tu," nilisema.

"Kuna barabara mbili za kuvuka, Mwalimu. I'm sorry. Nimeona wengi."

Mzee Bahati alikuwa amesimama nyuma yake, ameishika kofia yake kichwani. Lakini kikao kilichofuata, ambacho ndicho kingekuwa chake cha mwisho, tulipomaliza dua aliinuka.

"Batu wa Mungu, mimi natoroka."

"Unaenda wapi?" aliuliza Mama Furaha.

"Campbelltown. Kwa Enoki. Na treni. Peke yangu. Jumatano ijayo. Nikirudi salama, Neema ataona ya kuwa naweza. Nikipotea, basi, mutanisomea kitabu kwa simu."

Walinigeukia mimi. Vijana wangu, mnajua sheria yetu: mambo ya msomaji hayatoki kwenye dawati. Anachosoma ni siri yake. Sheria haisemi lolote kuhusu msomaji anayeamua kufanya alichosoma, kwa hiyo nilichukulia kwamba kimya changu kinaendelea. Nilichofanya ni kumwonyesha njia. Tuliisoma kama tulivyousoma mto wa yule kijana, stesheni kwa stesheni, mahali pa kushuka, ngazi iko wapi, bango linasemaje. Glenfield aliirudia hadi ikawa kama zaburi. Nilimwonya asikae upande wa jua, maana jua ndilo lililompeleka Leppington.

Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa Mama Furaha.

"Papa Bahati, utaaga lini?"

"Mama, hii ni kutoroka. Kutoroka hakuna kuaga."

"Hori," alisema Mama Furaha. Neno hilo moja tu.

Mzee Bahati alikaa, akafikiri. Lile hori lilimkaa kichwani. Wakati wa vita alikuwa ameondoka Uvira bila kumuaga mtu, na hakutaka safari nyingine ya namna ile. Kwa hiyo wiki ile nzima, mtoro wetu alizunguka Guildford nyumba kwa nyumba, akiketi, akinywa chai, akiaga, na kumwapisha kila mtu kwamba ni siri. Aliombewa na kila familia. Alipewa salamu za kumfikishia Enoki na watu ambao hawamjui Enoki. Hata Neema alianza kuulizwa na majirani, "Baba yako anaendeleaje na maandalizi?" akadhani ni maandalizi ya ubatizo wa kanisani.

Jumapili, kanisani kwao, mambo yalikaribia kuharibika. Mama Furaha alinisimulia kesho yake huku anajifuta machozi ya kicheko. Mchungaji, ambaye naye alikuwa ameagwa, alisimama mbele ya watu wote akainua mikono: "Bwana, tunakukabidhi ndugu yetu anayesafiri Jumatano kwa siri. Mfiche, Bwana! Familia yake isijue!" Kanisa likasema amina. Neema, aliyetoka shifti ya usiku amechoka, alisema amina kuwashinda wote.

Jumatano niliomba ruhusa ya asubuhi nikaenda stesheni, nikiwaza kumwona mzee mmoja na mfuko mmoja. Nilikuta jukwaa limejaa. Kwetu sote, Mkongo na Mtanga, msafiri husindikizwa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama mtoro naye husindikizwa. Kulikuwa na sufuria za moto zilizofungwa kwa kanga, samaki wa kukaanga, blanketi, mwavuli, na mama mmoja aliyeleta mto wa kulalia. Kwaya ilikuwa imefika na ngoma ndogo. Mfanyakazi wa stesheni, kijana mwenye kilemba, aliniuliza kwa upole kama kuna harusi.

"Ni mzee mmoja anatoroka nyumbani," nilimwambia.

Alitazama ile kwaya. "Kimyakimya?"

Treni ikaingia, milango ikafunguka. Mzee Bahati aliingia, na kwa kuwa kumuaga hakujaisha, nao wakaingia. Wote, na sufuria. Nikamwona amesimama katikati yao uso umemwanguka, kama mtu aliyetoroka na nyumba yake mgongoni. Halafu ghafla akapiga makelele: "Shukeni! Mimi pia nashuka! Sijaaga Neema!"

Tukashuka sote. Treni ikaondoka tupu, na nadhani dereva alishukuru.

Alitoa simu, akaminya kwa kidole kimoja, akaiweka kwenye spika kwa sababu ndivyo aijuavyo. Jukwaa zima likanyamaza.

"Baba? Niko kazini. Umeanguka?"

"Hapana, mama yangu. Nimekuja kukuaga. Natoroka."

"Unatoroka kwenda wapi?"

"Kwa Enoki, Campbelltown. Na treni."

"Na nani?"

Mzee alitutazama sote, tulivyosimama na masufuria yetu. "Peke yangu," alisema kwa uthabiti.

Nilimsikia Neema akivuta pumzi. Nikajua neno moja litatoka sasa, na likiwa hapana, mzee huyu atarudi nyumbani na hatatoka tena. Angemtii. Hakuwa yule kijana wa kwenye hori.

"Baba, unabadilisha wapi?"

"Glenfield. Nashuka, nasoma bango, nauliza mutu wa sare. Sikai upande wa jua."

"Umebeba sweta?"

"Nimeivaa."

"Simu ina chaji?"

"Imejaa."

"Ukifika unipigie. Ukifika tu, Baba. Si baadaye."

Jukwaa lilipasuka kwa vigelegele, na Neema akauliza kutoka kwenye simu, "Dad! Ni nani hao?" lakini Mzee Bahati alikuwa ameshakata, maana treni ya pili ilikuwa inaingia. Safari hii alisimama mlangoni akanyoosha mkono kutuzuia. "Nimewaaga. Inatosha." Alipokea samaki tu. Milango ilipofungwa alivua kofia, akaipunga. Sikuwahi kumwona kichwa chake kabla ya hapo.

Tulirudi maktaba kungoja. Baadaye Neema naye akaja mbio na sare yake, akaketi kwenye kiti cha baba yake. Muda wa kufika ukapita. Simu kimya. Akampigia, haipokelewi. "Nilijua," alisema. "Nilijua tu." Mama Furaha alimpa andazi akalishika bila kulila. Kwa kuwa sikuwa na dawa nyingine, nilifungua kitabu nikaendelea kusoma, na Neema, ambaye hakuwahi kuingia ndani ya kikao, akawa anasikiliza kwa sikio moja. Kijana alikuwa ameketi ukingoni mwa mto akimwandikia shangazi.

Simu ikalia. Neema nusura aiangushe.

"Baba! Uko wapi?"

"Nimefika zamani, mama yangu."

"Nilisema ukifika tu!"

"Eeh, lakini nilimkuta Enoki. Tukasalimiana. Akauliza habari ya nyumbani, nikaeleza. Halafu tukaomba. Halafu yeye pia akaomba." Akashusha sauti. "Enoki anaombaka murefu."

Neema alicheka huku machozi yanamtoka, akalila lile andazi lote. Tangu wiki iliyofuata baba yake alikuwa akija mwenyewe kwa miguu, akivuka barabara zote mbili, na kila alipoingia alimpigia simu: "Nimefika." Kisha alikata kabla hajajibiwa, ili aonekane mtu mwenye shughuli.

Na mimi nimalize. Siku yangu ya mwisho kazini mlinikatia keki, Mungu awalipe. Nilipanga kuondoka kimyakimya kupitia mlango wa nyuma, maana maneno ya kuagana hunishinda. Niliweka kisu cha siagi kwenye droo, nikalisukuma toroli mara moja, likanipeleka kwa wazee, nikawaomba radhi. Kisha nikafungua mlango wa nyuma taratibu.

Walikuwa wamesimama pale wote, na sufuria.

"Mwalimu," alisema Mama Furaha, "unatoroka?"

Walinisindikiza hadi stesheni. Treni ilipofika waliingia, na safari hii sikumwambia mtu ashuke. Nilimpigia mke wangu simu aongeze maji kwenye wali. Mzee Bahati alikaa nami, upande usio na jua, na tulipokaribia Glenfield, njia ambayo nimeipita maisha yangu yote ya kazi, alinigusa bega.

"Jitayarishe, Mwalimu," alininong'oneza. "Hapa ndipo tunabadilisha. Ukikosa, utafika Leppington."

Nilimshukuru kama mtu ambaye hakuwa akijua, nikashuka nyuma yake.